Lango la Jirani

Mtu anapolisikia neno utamaduni, aghalabu fikira zake hukimbilia ngoma, mavazi, vinyago na masimulizi ya wazee. Hatusemi kwamba fikira hizo ni potofu. Lakini utamaduni wa taifa hauishi jukwaani peke yake. Waishi vilevile katika mambo madogo yatendekayo kila siku bila ya kupigiwa makofi: namna mtu anavyompokea mgeni, anavyompisha mzee njiani, anavyogawana na jirani yake maji, kivuli na nafasi. Mwaka 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alilieleza taifa changa kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa lolote. Nayo roho haikai katika kiungo kimoja cha mwili. Imo hata katika kidole cha mwisho. Kwa hiyo msomaji asistaajabu tukimwomba aiache ngoma kwa kitambo, afuatane nasi hadi kwenye lango la nyumba moja mtaani Sinza, jijini Dar es Salaam, ambako gari la mtu asiyejulikana limeegeshwa, na wenye nyumba hawawezi kutoka.

Kulisikia, jambo hili ni dogo. Wapo watakaosema kwamba ni taabu ya wenye magari, na kwamba wenye magari hawana taabu za kulilia. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, hadi usiku mmoja wa mwaka 2019 ulipotufundisha vingine. Lakini kabla ya kuusimulia usiku huo, yafaa kwanza tukumbushane namna wazee wetu walivyouheshimu mlango na namna walivyoiheshimu njia.

Katika mwambao wetu, na leo katika nchi nzima, mlango hauingiwi wala hausogelewi ovyo. Mgeni husimama nje, akapaaza sauti: "Hodi!" Akijibiwa "Karibu," huingia. Asipojibiwa hurudia, na akifikisha mara ya tatu pasipo jibu, hugeuka akaenda zake bila ya kinyongo. Neno hili moja lina mambo matatu ndani yake. La kwanza, mgeni anakiri kwamba mahali hapa pana mwenyewe. La pili, anajitambulisha, maana sauti ya mtu ni jina lake. La tatu, anampa mwenye nyumba nafasi ya kukubali au kukataa. Ndiyo maana mtoto aliyeingia nyumba ya watu bila hodi hakuadhibiwa na mama yake pekee. Mtu mzima yeyote aliyekuwapo alimrudisha nje akamfundisha.

Njia nayo ilikuwa na neno lake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, vya Lamu na vya mji wa kale wa Mombasa, ambamo watu wawili wanene wakikutana hulazimika kupishana ubavu, mchukuzi mwenye mzigo kichwani au mwenye kusukuma mkokoteni huita: "Simile! Simile!" Wanaosikia hujibana ukutani, na walioketi katika baraza za mawe zilizojengwa kandokando ya nyumba hukunja miguu yao. Hakuna anayeona kwamba ameonewa. Mchukuzi ameomba, naye ameomba kwa sababu anajua kuwa mzigo wake unachukua sehemu ya njia iliyo ya watu wote. Akishapita, husemi kwamba ameifunga njia. Wasema kwamba ameitumia.

Basi hodi ni adabu ya mlango, na simile ni adabu ya njia. Tuziweke akilini adabu hizi mbili, maana gari lililoegeshwa langoni pa mtu limezikosea zote kwa pamoja. Limefika mlangoni pasipo hodi, na limeziba njia pasipo simile. Tena limefanya hivyo likiwa kimya, limefungwa milango, mwenyewe hayupo, na jina lake halijulikani. Kilichobaki ni kibao cha manjano chenye herufi na tarakimu, ambacho mwenye nyumba hawezi kukiita wala hakiwezi kumjibu.

Pengine msomaji kijana atauliza: je, zamani magari hayakuwapo? Yalikuwapo, lakini yalikuwa machache, na nyumba zilijengwa kwa miguu ya watu, si kwa magurudumu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni ilikuwa na baraza mbele, ujia katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Haikuwa na lango la gari kwa sababu aliyeijenga hakutarajia kuwa na gari, wala mpangaji wake. Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 twakumbuka kwamba gari likisimama mtaani, watoto tulilizunguka tukilitazama, na haikupita dakika tano kabla ya mtaa mzima kujua limemleta nani, kwa nani, na kwa habari gani. Gari halikuhitaji kupiga hodi, watoto walilipigia.

Hata viwanja vya Sinza na Kijitonyama, vilivyopimwa katika miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma, vilikusudiwa watu wa kipato cha kawaida, na barabara zake za ndani zilikuwa nyembamba kwa kadiri ya mahitaji ya siku hizo. Miaka hiyo mafuta yalipokuwa haba, magari ya watu binafsi hata yalizuiwa kutembea Jumapili alasiri. Nani angaliwaza wakati ule kwamba itafika siku ambapo kila nyumba ya tatu itakuwa na gari, na kila ukumbi wa arusi utaleta magari hamsini kwa usiku mmoja?

Mambo yalibadilika tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilipolegezwa masharti. Magari yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka Japani, yakaanza kushuka bandarini mwetu kwa wingi. Watu nao waliongezeka. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji wa Dar es Salaam ukiwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Watu waliongezeka, magari yaliongezeka, lakini barabara za ndani ya mitaa zilibaki na upana uleule, na pengine zilipungua, kwa kuwa kila mwenye kiwanja alipojenga ukuta aliusogeza mbele kidogo.

Walimu wa hesabu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa zoezi la darasani. Gari dogo la kawaida lina upana wa karibu mita 1.7. Mtaa ukiwa na upana wa mita 6, na magari yakaegeshwa pande zote mbili, nafasi inayobaki katikati ni kama mita 2.6. Gari la zimamoto lina upana unaokaribia mita 2.5. Hebu mwanafunzi akokotoe nafasi iliyobaki kila upande, kisha aseme kama yeye angependa kuwa dereva wa gari hilo, usiku, moto ukiwaka mwisho wa mtaa. Tena ajue kwamba kuliziba lango si lazima gari lisimame mbele yake. Gari linapotoka langoni huhitaji nafasi ya kukata kona. Kwa hiyo katika mtaa mwembamba, gari lililoegeshwa upande wa pili, mkabala na lango, huweza kulifunga lango hilo sawasawa na lile lililosimama mbele yake. Wengi huliziba lango la mtu kwa namna hii, nao huapa kwamba hawakuligusa.

Sasa tuurudie usiku ule. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Desemba, mwezi wa arusi. Ukumbi ulio mtaa wa pili ulikuwa ukitoa muziki tangu magharibi. Saa tano na nusu simu yetu iliita. Alikuwa bibi jirani wa nyumba ya tatu, akitueleza kwa sauti ya haraka kwamba binti yake ameshikwa na uchungu wa uzazi, siku zake zikiwa bado, na kwamba maji yamekwisha kumwagika. Akatuomba gari. Jambo kama hilo halijadiliwi. Tulivaa shati, tukachukua funguo, tukafungua lango.

Mbele ya lango lilikuwa limesimama gari dogo la rangi ya fedha, limelala ubavu mzima dhidi ya lango letu, kana kwamba limetengenezewa mahali pale.

Tulipiga honi. Tulilitikisa lile gari, king'ora chake kikalia, kisha kikanyamaza, na hakuna aliyetokea. Tulimtuma kijana mmoja wa mtaani akimbie ukumbini, akamwombe mshereheshaji aitangaze namba ya gari. Kijana alirudi akisema kwamba imetangazwa mara mbili, wala hakuna aliyeinuka. Wakati huo binti alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya lango la mama yake, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Hakuwa akilia. Kila baada ya muda mfupi aliuma kanga yake, nasi tulikuwa tukimwona, gari letu likiunguruma nyuma yetu pasipo faida yoyote.

Vijana walifika, tukajaribu kulibeba gari lile kwa nyuma ili tulisogeze. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa, na kwa ubavu mmoja lilikuwa limebanana na nguzo ya umeme. Halikusogea ila shubiri mbili. Hatimaye bajaji ilipita. Binti aliingizwa, mama yake akaketi ubavuni mwake, na mwenzetu wa nyumbani akajibana mbele pamoja na dereva. Wakaondoka. Kuanzia simu ilipoita hadi bajaji ilipoondoka zilikuwa zimepita dakika arobaini. Alfajiri tuliletewa habari kwamba amejifungua mtoto wa kike, na kwamba wote wawili ni wazima. Twamshukuru Mungu. Lakini mkunga alimwambia bibi yule kwamba laiti wangalichelewa zaidi, mtoto angalizaliwa njiani.

Habari hiyo njema ilitufikia alfajiri. Saa sita ya usiku hatukuwa nayo. Saa sita ya usiku tulikuwa na hasira, na katika hasira hiyo tulifanya jambo ambalo hatujapata kuliandika mahali popote. Vijana walipokwisha kutawanyika tulirudi nje peke yetu, tukachuchumaa kando ya lile gari kama mwizi, na kwa njiti ya kiberiti tukatoa upepo wa tairi mbili, ya mbele na ya nyuma. Tulisikiliza mlio wa upepo ule ukitoka, na hatutamficha msomaji: mlio ule ulitupendeza. Kisha tukaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri tulisikia king'ora kikizimwa. Tulitoka nje tukiwa tumejiandaa kwa maneno makali. Tulimkuta kijana wa makamo ya miaka thelathini, amesimama akizitazama tairi zake. Alipotuona hakufoka. Aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, mzee." Tukaitikia, "Marahaba," kwa sauti kavu. Tukamwuliza kama analijua lango ni nini. Tukamweleza habari ya binti, ya kigoda na ya bajaji. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hakuwa arusini. Alikuwa ametoka Morogoro jioni ile, kumwona shangazi yake aliye mgonjwa katika nyumba ya upande wa pili wa mtaa, na alikuwa amekusudia kuondoka kabla ya kucha ili awahi kazini. Mtaa mzima ulikuwa umejaa magari ya arusi, na nafasi pekee aliyoiona ilikuwa mbele ya lango letu. Akamalizia kwa maneno haya, ambayo mpaka leo yangali masikioni mwetu: "Lakini mzee, mimi nilipiga hodi."

Tulimwuliza alipiga saa ngapi. Alisema saa mbili, wakati wa taarifa ya habari. Aligonga lango kwa mkono, akaita. Akagonga tena kwa funguo, akaita. Alisikia sauti ya televisheni, lakini hakuna aliyemjibu. Mtoto aliyekuwa akipita akamwambia, "Hao hawatoki usiku." Basi akaacha gari akaenda kwa shangazi yake.

Ndugu msomaji, tulinyamaza. Tuligeuka tukalitazama lango letu, ambalo tulikuwa tumelinunua kwa fedha nyingi: chuma tupu kutoka chini hadi juu, halina hata tundu la kuchungulia. Tuliutazama ukuta wetu wenye urefu wa mita mbili na nusu, na vipande vya chupa tulivyovipanda juu yake. Nyumba ya baba yetu ilikuwa na baraza. Aliyepita alisalimu, naye alijibiwa. Sisi, tuliosoma na kupewa kazi ya Serikali, tuliotunga mashairi ya kuusifu ujirani, tulikuwa tumejenga nyumba isiyosikia hodi. Ni kweli kwamba kijana alikosa. Hodi isiyojibiwa si ruhusa. Asiyejibiwa hugeuka akarudi, wala haachi mzigo wake mlangoni. Lakini twawezaje kumlaumu mgeni kwa kutokujitambulisha, ikiwa sisi wenyewe tumekwisha kuziba sikio?

Haikuwa hiyo tu. Tulitakiwa asubuhi ile tupeleke uji na nguo hospitali kwa yule binti. Na gari lile, ambalo lingaliondoka kabla ya jua kuchomoza, sasa lilikuwa limekaa chini kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Ilikuwa Jumapili, na fundi wa kuziba pancha hakufungua kibanda chake mpaka saa nne. Kijana alikuwa na tairi moja ya akiba, nasi tulikuwa tumetoa upepo wa mbili. Lango letu lilifunguka saa tano ya asubuhi. Kwa hesabu iliyo sahihi, yeye alikuwa amelifunga lango letu kwa muda wa saa tisa, na zilizobaki zote tulilifunga wenyewe kwa njiti ya kiberiti. Wahenga waliposema kwamba hasira ni hasara, hatudhani walikuwa wakiwaza habari ya tairi, lakini maneno yao yalitoshea kikamilifu. Tulimwomba radhi kijana yule, tukamlipia fundi. Naye alituomba radhi, akapita kwa bibi jirani akamwomba radhi pia.

Tangu siku hiyo tumelifikiri sana suala hili, na tumewasikiliza wengi wenye kuteswa nalo. Kila mmoja ana dawa yake. Mmoja huweka mawe na matairi makuukuu mbele ya lango lake. Lakini jiwe nalo ni kizuizi barabarani, na usiku humwangusha mwenye baiskeli asiye na hatia. Mwingine hufunga mnyororo kwenye gurudumu la mgeni na kudai fedha. Huyo amejifanya askari na hakimu kwa wakati mmoja. Wa tatu hukwaruza rangi kwa msumari. Huyo hatuna la kumwambia zaidi ya kwamba kuharibu mali ya mwenzio ni kosa mbele ya sheria, hata kama mwenzio ndiye aliyeanza.

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu dereva kuliacha gari lake barabarani kwa namna ya kuwaletea wengine hatari au kizuizi. Mwenye kufungiwa lango ana haki ya kumwita askari wa usalama barabarani, na gari likavutwa kwa gharama ya mwenyewe. Na hata mahali ambapo ada ya maegesho hulipwa, stakabadhi ya ada hainunui lango la mtu. Basi haki ipo. Lakini twafahamu sote kwamba askari ni wachache, jiji ni kubwa, na uchungu wa uzazi haumngoji askari. Sheria ni kama nguzo za nyumba: haisimami bila ya hizo, lakini hazizuii upepo. Kinachozuia upepo ni ukuta wa udongo, nao hukandikwa na wenyeji kwa mikono yao.

Hapa ndipo tunapourudia utamaduni. Je, jamii yetu haijapata kuifunga barabara kwa ridhaa ya wote? Imepata, tena mara nyingi. Mtu akifiwa, turubai hutandwa katikati ya mtaa, viti hupangwa, na magari huzunguka kwingine kwa siku tatu nzima. Hatujapata kumsikia mtu akipiga honi mbele ya matanga. Kwa nini? Kwa sababu mwenyekiti wa mtaa amearifiwa, majirani wamearifiwa, na kila mmoja anajua mwenye turubai ni nani na litaondolewa lini. Kumbe watu wetu hawachukii kufungiwa njia. Wanachochukia ni kufungiwa na mtu asiye na jina, kwa muda usiojulikana, pasipo kuulizwa. Turubai limepiga hodi, gari halikupiga. Tofauti yote imo humo.

Mwezi uliofuata tuliitisha mazungumzo pamoja na mwenyekiti wetu wa mtaa, kwa mfano wa mikutano ya nyumba kumi ya utotoni mwetu, wakati balozi alipozijua kaya zake kwa majina. Walikuja watu kumi na tisa, na mwenye ukumbi alikuwa mmoja wao. Mapatano yetu hayakuwa makubwa. Magari ya wageni yataegeshwa upande mmoja tu wa mtaa. Usiku wa arusi, mwenye ukumbi ataweka vijana wawili wa kuwaongoza wageni, nao watalipwa. Kila mwenye lango ataandika namba yake ya simu juu ya lango, na kila mwenye kuacha gari mahali pa mashaka ataacha namba yake nyuma ya kioo cha mbele. Nasi wenye malango ya chuma tukakubali kuweka kengele, na kuitikia inapolia.

Kwa kuwa twajulikana mtaani kuwa washairi, tuliombwa beti moja ya kuandikwa ukutani. Tuliitunga papo hapo:

Ukiacha gari lako, mlangoni kwa jirani,
Piga hodi kwa tamko, useme u mtu gani,
Usilete masumbuko, acha namba kiooni,
Njia si ya peke yako, wapo wengine njiani.

Kijana mmoja mchoraji wa vibao aliisoma, akatutazama kwa huruma, akasema, "Mzee, ni nzuri, lakini dereva hatasimama kuisoma yote." Akaandika kwa rangi nyekundu maneno mawili tu: HODI KWANZA. Chini yake akaandika namba ya simu. Nasi twakiri kwamba kibao chake kimefanya kazi kuliko beti yetu.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba tangu hapo mtaa wetu umekuwa pepo. Magari yangali yakiachwa vibaya, hasa na wale wasemao kwamba wanasimama "dakika mbili tu." Dakika mbili hizo twazijua vizuri, maana nasi tumepata kuzitumia Kariakoo, mbele ya duka la mtu, tukarudi baada ya nusu saa na kumkuta mwenye duka ameketi juu ya gunia akitungoja. Lakini kuna jambo moja limebadilika. Sasa lango likizibwa, kwanza mtu hutafuta namba kiooni. Akiipata hupiga simu, na sauti hujibu, na sauti hiyo ina jina. Aghalabu ugomvi hufa hapo, kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu ambaye amekwisha kukwambia "Shikamoo" au "Samahani, ndugu yangu, naja."

Kwa walimu na wanafunzi watakaousoma ukurasa huu twaongeza neno moja. Wengi wa vijana walio leo darasani wataendesha magari kabla hawajafika umri wetu. Watafundishwa alama za barabarani, watafundishwa gia na breki, nao watatahiniwa. Lakini katika mtihani huo hakuna swali liulizalo: lango hili ni la nani, na usiku wa leo nani aweza kulihitaji? Swali hilo hufundishwa nyumbani na shuleni, kabla ya kupewa funguo. Afundishwaye kupiga hodi akiwa na miaka mitano, na akaelezwa kwa nini anapiga, hatakosa kuipiga akiwa na miaka thelathini, awe ana miguu miwili au magurudumu manne.

Yule mtoto wa kike aliyezaliwa usiku ule sasa anasoma shule ya msingi. Jioni hupita mbele ya lango letu akitoka shule, naye hubonyeza kengele. Hana haja yoyote na sisi. Apenda tu kuusikia mlio. Tulipotaka kumkataza, tulikumbuka kiti chake cha kwanza duniani kilivyokaribia kuwa cha bajaji, tukaacha. Akibonyeza, twatoka na kuitikia, "Karibu."